Maombi Arobaini na Mawili

Pi, pi, pi. Niliusikia mlio huo kabla sijafumbua macho, nikajua umeme umekatika tena hapa Ruti, Mbarara, na seva inaishi kwa betri. Nilikuwa nimelaza kichwa mezani. Hii ilikuwa siku ya tatu naitafuta hitilafu ileile ya maombi yanayopotea, na macho yaliniwasha kama nimemenya vitunguu.

Seva ni ya shirika dogo linalosomesha wakimbizi uuguzi. Mtu anatuma ombi kwa barua pepe. Skripti, programu ndogo niliyoiandika mimi, inalisoma, inaliweka jina kwenye orodha, kisha inamrudishia namba. Asiye na namba hayumo. Orodha ingefungwa leo saa kumi na moja, na sasa ilikuwa saa tisa na robo.

Simu ikalia. Alikuwa Nicodème, Mrundi anayeandikia watu barua kwenye kibanda chake pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

"Gad, ndugu yangu, watu wamejaa mlangoni. Wanasema nimekula maombi yao."

"Ulituma kweli?"

"Na wewe unaniuliza hivyo?"

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikapaa. Niliitambua: Pélagie, mtu wa Uvira, Kongo, kama mimi. "Muulize ule bwana mukubwa wa mashini! Batu beko hapa mingi, mwenye alipata namba ni moya tu. Mashini yake inachaguaka sura?"

Wenzake wakacheka vibaya.

"Skripti yangu haina kosa!" nilifoka. "Jana nimeijaribu kwa anwani yangu, ya ofisi, na ya bosi. Zote zilipita!"

Nikakata simu. Nilifoka kwa sababu nilichoka, na kwa sababu hapa hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilijifundisha mwenyewe, na sipendi kuambiwa nimekosea. Lakini neno la Pélagie halikutoka kichwani. Mmoja tu.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Kutoka anwani ya Nicodème zilikuwa zimeingia barua arobaini na tatu. Kwenye orodha kulikuwa na jina moja. Kila barua skripti ilidai imemaliza salama, bila kosa lolote. Nikaisoma skripti mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, mpaka nikaufikia mstari niliouandika mwezi wa tatu: ombi la pili kutoka anwani ileile, tupa. Kuna bwana wa Kamukuzi, hapa hapa mjini, aliyetutumia ombi lake mara tisa. Nikaumaliza usumbufu wake kwa dakika tano na nikajisifu.

Mtu mmoja, anwani moja. Nilifikiri kama mtu wa Mbarara mwenye simu yake mfukoni. Nakivale anwani ni ya Nicodème, na watu ni sisi sote. Ombi langu mwenyewe la kazi hii lilitoka kwenye anwani hiyo. Nilisimama nyuma yake nikimsahihisha Kifaransa.

Na barua hizo hazikuwekwa pembeni. Zilitupwa pale ambapo mashine hairudishi kitu.

Mzee Rwakabuba, bosi wangu, akachungulia. "Gad, sebo," akaniita, kama wanavyoitana mabwana wa huku, "hii mashine nalia nini?"

"Umeme, mzee. Na nimepoteza maombi arobaini na mawili. Si mashine. Ni mimi."

Akatazama saa yake. "Saa kumi na moja mimi natuma orodha. Hapana kungoja mtu."

Nikaufuta ule mstari. Mahali pake nikaweka mwingine unaolinganisha namba ya karatasi ya ukimbizi ya kila mwombaji. Nikajaribu, safari hii kwa maombi mawili kutoka anwani moja. Yote mawili yakaingia. Nikampigia Nicodème.

"Zile ulizotuma, bado unazo?"

"Mimi sifuti kitu."

"Zitume tena. Zote."

"Gad, unaujua mtandao wa huku."

"Naujua."

Zikaanza kuingia, moja, kisha nyingine, kisha dakika sita bila kitu. Betri ikazidisha mlio. Pélagie alikuwa wa thelathini na nane. Wa mwisho aliingia saa kumi na moja kasoro dakika nne, na Mzee Rwakabuba akaichukua orodha na kuituma. Sikufurahi. Nilitaka kulala tu.

Nicodème akapiga tena. Nilidhani anashukuru.

"Wamepata namba, wameondoka," alisema. "Bon, sawa. Wanasema nimezituma leo kwa sababu walinitisha. Mama mmoja amesema hatarudi tena kwa mwizi."

Mlio wa betri ulikuwa umekoma; umeme ulikuwa umerudi bila mimi kuona.

"Jumapili misa inaisha saa ngapi?"

"Saa nne. Kwa nini?"

"Nitakuja. Nitasimama mlangoni kwako wakati wanapita kutoka kanisani, mbele ya Pélagie na huyo mama, na nitasema kwa sauti kwamba aliyezitupa ni mimi, Gad, kwa mkono wangu. Nakuahidi, Nicodème."