Alama Moja kwa Nullandi

Klabu ya mpira ya mji mdogo wa Nullandi ilikuwa haijashinda kwa misimu mitatu, na kila mtu alijua hii ndiyo mechi yake ya mwisho. Ukame ulishawafukuza vijana, shule ilishafungwa, na kuvunjwa kwa klabu kulingoja mkutano tu. Watu waliegesha magari kuzunguka uwanja, wakala pai zao humo humo kwa kukimbia upepo. Walitaka ushindi mmoja, basi, wazikwe kwa heshima.

Mwamuzi wa goli alikuwa Glenys Pfitzner, dada wa mwenyekiti wa klabu. Kila klabu ilitakiwa kutoa wake, na Nullandi haikuwa na mwingine.

Mwishoni kabisa, Nullandi ikiwa nyuma kwa alama tatu, Corey, mtoto wa kaka yake huyo, aliupiga mpira kutoka mbali. Ulikuja juu ukipindishwa na upepo, ukapita karibu kabisa na nguzo ya kulia. Ukipita safi kati ya nguzo ni alama sita. Ukigusa nguzo ni moja. Glenys alikuwa amesimama panapostahili, lakini jua lilimpiga usoni. Alisikia kitu kidogo. Pengine ni mpira, pengine ni godoro lililofungwa kuzunguka nguzo likichapwa na upepo.

Magari yakaanza kupiga honi.

Keiran, mwamuzi wa kati, alimjia mbio.

"Umeonaje?"

"Sikuona. Nimesikia."

"Umesikia nguzo?"

"Nimesikia kitu."

"Mama, una hakika au huna?"

"Sina."

Penye shaka hutolewa alama ndogo. Wote wawili waliijua sheria hiyo, wala hakuna aliyeitamka. Glenys aliinua kidole kimoja, akapunga bendera moja. Honi zikanyamaza, gari moja baada ya jingine. Nullandi ikafungwa kwa alama mbili.

Corey alimkuta akivua koti lake jeupe la uamuzi.

"Shangazi, ule ulipita safi."

"Ulikuwa mita hamsini kutoka hapa."

"Mpira ukitoka vizuri, mguu unajua."

"Mimi sikujua, Corey."

"Basi ungetupa hizo sita tu. Nani angekudai?"

Hata nahodha wa wageni, alipompa Glenys mkono, alimwambia kwamba wao wangekubali bila neno. Mtu mmoja alikuwa amerekodi kwa simu. Waliitazama picha mara kadhaa, wakaona mwanga mtupu.

Kwenye mkutano, kaka yake Russell aliuliza nani anaafiki klabu ivunjwe, na mikono yote ikapanda, wa Glenys ukiwamo. Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyemtaja kabisa.

Corey alikwenda kwenye migodi ya chuma, huko Magharibi. Krismasi alimpigia baba yake simu. Glenys alikuwa jikoni pale pale, akimenya viazi, akamsikia Russell akiuliza kama angependa kumsalimu shangazi yake. Russell alisikiliza kidogo, kisha akaweka simu mezani.

"Mtandao wa huko mbovu," alisema.

Glenys akaendelea kumenya.