Kompyuta Iliyozimika Kila Jumamosi

Seremala hakuelewa. Mbao alizielewa, hata mama mkwe wake alijitahidi kumwelewa, lakini kompyuta ya mkewe ilimpiga chenga mchana kweupe.

"Yaani umenunua kitu cha polepole," alimwambia mkewe, "halafu umekiamuru kiende mbio, nacho kimekubali? Hivi hivi tu?"

"Si hivi hivi. Kinapata joto." Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kigoda kilichokaa chini ya dirisha, akifungua skrubu za ubavu wa kasha la kompyuta lililokaa juu yake. "Hii prosesa ndiyo kichwa cha mashine. Ni ya bei poa, na kiwandani wameipangia mwendo wake. Mimi nimeingia kwenye mipangilio nikaizidishia. Sasa lazima ipumue, ndiyo maana naiweka hapa penye upepo."

"Na mimi nikizidishiwa kazi karakana, napumulia wapi?"

"Wewe huna hata feni, mume wangu. Hebu nipishe."

Utani ulikuwepo, lakini jambo lenyewe halikuwa la utani. Mkewe alizaliwa pacha na mwanamume, na huyo Pacha, tangu siku walipomzika baba yao na maneno makali yakamtoka mbele ya mama, alikata mguu nyumbani. Namba ya simu akabadilisha. Alipatikana mahali pamoja tu: kila Jumamosi alasiri, kwenye gemu la mbio za magari, lile lile walilolicheza utotoni wakigombania kiti kimoja. Huko aliongea, ila habari za magari tu. Ukitaja nyumbani, anatoka. Mpaka siku moja akamtupia dada yake ahadi: "Ukinishinda mbio moja, niulize lolote. Nitajibu."

Angemshindaje? Kompyuta ililikokota gari lake kama mkokoteni wenye gurudumu moja. Ndipo akaizidishia mwendo.

Sasa hapo ndipo akili ya seremala ilipogoma. Asubuhi, kabla mkewe hajaenda kazini kwake bohari, aliijaribu mashine ikaenda vizuri kabisa. Jumamosi alasiri, mbio zimekolea, pu! Ikazima. Jumamosi iliyofuata, pu! Akapunguza umeme wa prosesa, akauongeza, akatazama video za mafundi mpaka macho yakawa mekundu. Wapi! Kioo cheusi.

"Wewe ukiwa karakana, inafanya kazi," mkewe alisema, amemkazia macho. "Ukiwa nyumbani, inakufa. Una nuksi gani?"

"Mimi? Nimeigusa lini?"

Ilimuuma, maana kweli hajawahi kuigusa hata kwa kidole. Lilikuwepo jambo moja, ila yeye hakuona linahusiana vipi. Mkewe akicheza hupiga kelele, na akishavaa hedifoni ndiyo hajisikii kabisa: "Uwii, ananiua huyu! Ananiua!" Mama wa duka la ng'ambo ya barabara akaanza kumpimia seremala sukari bila kumtazama usoni. Mwisho akamwuliza mbele ya wateja, "Mkeo hajambo? Jumamosi tulimsikia."

Loo! Mtu hajamwinulia mkewe hata ufagio, leo anaangaliwa kama mnyama. Na habari za gemu angezielezaje, wakati mwenyewe hazielewi? Basi kila Jumamosi kelele zikianza, alipita taratibu nyuma ya mkewe, akafunga dirisha, akavuta pazia zito mpaka likagusa sakafu. Kelele zikikoma, alivifungua tena kabla mkewe hajageuka. Ya nyumbani yabaki nyumbani.

Jumamosi hii mkewe aliweka namba ya joto pembeni ya kioo. "Kazi yako ni moja tu. Itazame hii. Ikipita tisini, niambie."

Seremala akavuta kiti. Mbio zikaanza: themanini na moja, themanini na mbili. "Uwii, ananiua huyu!" Akainuka kwa mazoea, akafunga dirisha, akavuta pazia, akarudi kukaa. Themanini na nane. Tisini na moja. Akageuka kutazama kigoda, asikione. Kilikuwa chote nyuma ya pazia, kasha limefunikwa gubigubi kama mgonjwa wa homa.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe nuksi ni mimi kweli."

Akalivuta pazia likang'oka na fimbo yake, akafungua dirisha, akanyakua kipande cha ubao mwembamba akaanza kupepea kwa nguvu zote. Namba ikashuka. Huko nje mama wa duka alishavuka barabara.

"We seremala!" alifoka dirishani. "Weka huo ubao chini!"

"Siwezi, mama! Itazima!"

Kwenye gemu walikuwa wamefika kona ya mwisho. Gari la Pacha lilikuwa mbele, mbali. Kisha seremala akaona kitu ambacho nacho hakukielewa: gari lile likapunguza mwendo, likasimama kando ya barabara, likatulia tuli. Gari la mkewe likalipita, likamaliza.

Mkewe akachomoa waya wa hedifoni, sauti ya Pacha ikajaa chumbani.

"Mbona umesimama?" dada aliuliza.

"Nasimama hapo kila Jumamosi, tangu nikuahidi. Nakungoja upite, uniulize. Nawe ukikaribia, unazima. Nikajua hutaki. Nikajua mama amekukataza."

Seremala alilitazama pazia pale sakafuni. Jumamosi zote hizo!

"Shemeji," alipaza sauti, "ni pazia!"

"Pazia?" Pacha aliuliza. "Pazia gani?"

"Nyamaza wewe, pepea," mkewe alimwambia, akipangusa machozi kwa kiganja. Kisha akainamia kipaza sauti. "Mama anauliza utarudi lini."

Pacha akadakia, "Anauliza? Yeye mwenyewe?"

"Kila mtu akibisha hodi, anakimbilia mlango akidhani ni wewe."

Mama wa duka, ambaye hakuelewa hata nukta, aliokota kipande cha boksi chini ya dirisha akaanza kupepea naye kutoka nje. Mkono wa seremala ulikuwa unawaka moto, lakini hakuthubutu kuacha kabla shemeji yake hajajibu.