Bwana Futi na Kete ya Kula

Haya nimeyapata kwa mke wake mwenyewe, shoga yangu, Alhamisi moja asubuhi tulipokaa benchi moja pale zahanati tukisubiri kupimwa presha. Foleni ilikuwa ndefu, na yeye si mtu wa kuacha jambo katikati, kwa hiyo niliyasikia yote hadi mwisho.

Mumewe ni fundi cherehani. Watu wanamwita Bwana Futi kwa sababu ule utepe wa kupimia nguo hautoki shingoni mwake. Hata akienda kuoga anautundika kwenye msumari mmoja na taulo. Kwa kushona ni fundi wa kawaida tu, suruali zake zinavalika. Lakini kwenye dama, ndugu yangu, huyo alikuwa moto wa kuotea mbali. Miaka tisa mfululizo hakuna aliyemgusa.

Na vituko vyake havikuwa na idadi. Kete zake ni vizibo vya soda. Kila Ijumaa anaviosha kwa sabuni na kuvianika juu ya kitambaa cheupe, na ole wako upite kivuli chako kiviangukie. Akicheza anavua kandambili ya kushoto, ya kulia anabaki nayo. Na kabla ya mchezo lazima ampime mpinzani mkono, toka begani hadi ncha ya kidole, kisha aandike kwenye daftari la vipimo, katikati ya sketi ya huyu na shati la yule.

"Sasa hiyo ya nini, Bwana Futi?"

"Nataka nijue mkono wako unafika wapi."

"Makubwa! Haya, pima na kiuno basi, unishonee suruali."

Mtaani kwao bingwa wa dama ana kiti chake. Ni kiti cha mbao chenye mikono, kinakaa kwenye baraza ya bingwa mwaka mzima, na hakikaliwi na mtu mwingine hata bingwa akisafiri. Siku akishindwa, anakibeba mwenyewe kichwani mpaka kwa aliyemshinda, watu wakimtazama. Kiti hicho kilikuwa kimekaa mbele ya cherehani ya Bwana Futi miaka yote tisa. Mkewe alikipenda kuliko hata mwenye kiti. Alikifuta vumbi kila alfajiri, akikizunguka kama anamwogesha mtoto. Ombi lake lilikuwa moja tu: kitimize miaka kumi palepale.

Sasa yule mke ana mdogo wake wa kiume, mwalimu wa hesabu. Siku moja akaja na ubao wa sataranji kwapani.

"Shem, huo wa vizibo umeshaumaliza. Hebu jaribu mchezo wa watu wazima."

Bwana Futi akaupenda mchezo ule kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yake. Miezi michache tu, alikuwa anajua farasi anaruka vipi, ngome inakwenda vipi, malkia anatamba vipi. Klabu ya mwalimu ilikuwa na wachezaji watatu, ikikosa wa nne. Wakamwambia akimshinda mmoja wao, karani wa posta, nafasi ni yake.

Akaenda. Kwanza akataka kumpima karani mkono. Karani akagoma. Msimamizi akafungua kitabu cha sheria, akakipekua toka jalada hadi jalada, hakuona palipokataza. Karani akapimwa, amenuna. Lakini dakika ishirini baadaye ni yeye aliyekuwa akicheka.

Walipofika nyumbani mwalimu alikuwa bado anatikisa kichwa.

"Shem, yule askari ulimla wa nini? Hukuona kwamba ni mtego?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Kula ni lazima."

"Lazima kwenye dama! Huku hakuna lazima. Unakula ukitaka."

Maana kwenye dama, kwa asiyejua, kete ya mwenzako ikikaa mahali pa kuliwa huna hiari. Usipoila, mwenzako anaiondoa ile kete yako iliyozembea. Na Bwana Futi alikuwa amekula kwa lazima tangu akiwa kijana. Kichwa chake kilishaelewa sataranji. Ni mkono uliokataa.

Mkewe alikuwa jikoni, anasikia. Sataranji haijui, ila mkono ule anaujua.

"Huo mkono hausikii maneno," akasema. "Niachieni mimi."

Kuanzia kesho yake akawa anaweka kisahani cha karanga kando ya cherehani. Sharti: kabla ya kugusa hata moja, mume ajiulize kwa sauti, "Nikila, nitapata nini?", ahesabu hadi kumi, ndipo ale au aache. Akiisahau amri, kisahani kinaondoka mpaka kesho. Bwana Futi, kwa kuwa anapenda karanga, alitii. Wateja walikuja wakamkuta anazungumza na kisahani. Baada ya wiki sita hata tonge la mezani alilitazama kwanza. Mteja mmoja alimpa mkono wa salamu, mkono wa Bwana Futi ukabaki hewani kidogo, unafikiri.

Aliporudi kwa karani, karani akamtegea askari. Bwana Futi akamtazama, akamwacha. Akategewa farasi mzima mzima. Akamwacha naye. Karani akaanza kukosa raha kwenye kiti, na kabla chai haijapoa mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia. Jina la Bwana Futi likaandikwa la nne. Mkewe alitembea wiki nzima kifua mbele.

Wiki tatu baadaye ikafika Jumamosi ya dama, ile ya kila mwaka ya kugombea kiti.

Mpinzani alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, jirani mwema, aliyekwisha kushindwa mara nne bila kinyongo. Walicheza barazani, mchana, watu wamejaa. Mchezo wa kwanza akachukua Bwana Futi, wa pili kinyozi. Ukabaki wa tatu, wenye kiti.

Katikati ya mchezo kinyozi akateleza. Akaiacha kete wazi, na nyuma yake nyingine. Kula mbili, mchezo umekwisha. Kila mtu aliona. Mkono wa Bwana Futi ukanyanyuka.

Ukasimama hewani.

Mkewe alikuwa mlangoni. Akaona midomo ya mumewe inachezacheza, na maneno yale aliyajua. Angepiga kelele, lakini mtazamaji haruhusiwi kusema neno. Akang'ata ncha ya kanga. Mkono ukashuka, ukasukuma kete nyingine kabisa, ya pembeni.

 Kinyozi akaitazama ile kete iliyozembea. Haki yake ilikuwa kuiondoa. Akajifuta viganja kwenye suruali.

"Bwana Futi, mimi sijaona kitu. Tuendelee tu."

"Umeona."

"Macho yangu siku hizi..."

"Umeona, jirani. Na hawa wote wameona." Bwana Futi akaichukua kete yake mwenyewe, akaitia kiganjani mwa kinyozi, akamfumba vidole. "Haya, cheza."

Hatua tano baadaye, basi.

Akakinyanyua kiti, akakitia kichwani, akavuka barabara, kandambili mguu mmoja. Vijana walioanza kupiga miluzi walinyamaza wenyewe. Kule kwa kinyozi akakiweka mlangoni, akakikalia kukijaribu kwa mara ya mwisho, akaona kinayumba, akakunja kipande cha boksi akaweka chini ya mguu mfupi.

"Hapo sawa," akasema. "Usikiache kwenye mvua."

Saa kumi alasiri alikuwa amejilaza kwenye mkeka chumbani. Mkewe akakaa pembeni yake.

"Nimekupokonya kiti mimi," akasema. "Mimi na karanga zangu. Miaka tisa, halafu mimi!"

"Karanga zilikuwa tamu."

"Usinitanie, Baba Watoto. Ulisahau, au hukuiona?"

"Niliiona vizuri sana. Nikajiuliza nikila nitapata nini. Najiuliza hivi, mkono umeshakwenda zake." Akaanza kucheka, mkeka ukatikisika, na mke naye, machozi hayajakauka, akajikuta anacheka.

"Basi iache hiyo sataranji."

"Niiache vipi? Jumapili ijayo tuna mechi, wa nne ni mimi. Mkono umejifunza jambo moja, utajifunza na la pili. Mwaka mzima huo nimepewa."

"Na kiti?"

"Si kiko ng'ambo tu hapo. Ukiamka unakiona."

Hakungoja jibu. Akageukia ukutani, na punde akaanza kukoroma. Mkewe akabaki akiisikiliza mikoromo ile, akijaribu kujikasirikia zaidi, hasira isije. Jua lilikuwa bado limelala ukutani, na nguo za wateja zilisubiri kupigwa pasi. Akajiambia atazipiga akiamka. Akajinyoosha kwenye nusu ya mkeka aliyoachiwa, akajifunika kanga miguuni, usingizi ukamchukua naye.