Tundu la Nne

Pingili ya kwanza ya shingo ina matundu matatu: moja kubwa katikati, na mawili madogo ubavuni yanayopitisha mishipa ya damu. Solvej aliyajua hata akifumba macho. Kwa miaka kumi na minne, katika hospitali moja ya Odense, kazi yake ilikuwa kugeuza picha za skana kuwa umbo la mfupa na kulisafisha. Picha huja na uchafu, kompyuta ikaona tundu pasipo na tundu. Programu huhesabu, na ikikuta la ziada huuliza: lizibwe? Solvej hubonyeza ndiyo, hata mara mia mbili kwa siku. Wenzake waliokodolea macho kila tundu aliwaita wapiga ramli.

Ijumaa ni siku ya mkate: mmoja wao huwaletea wenzake kifungua kinywa. Zamu ilikuwa ya Asger, daktari wa upasuaji, naye alikuja na mikate ya moto, jibini, na mfukoni pingili ya plastiki, nakala ya mfupa wa mgonjwa, ambayo Solvej alikuwa ameichapa kwa mashine jana yake.

"Solvej, dada yangu, umenifurahisha," alisema huku akipaka siagi. "Huyu mgonjwa wangu wa leo, fundi bomba, kushoto ana mfupa mnene, raha tupu! Skrubu naipitisha hapa. Naanza saa nne, saa sita nipo nje."

"Na kulia?"

"Mwembamba, kama wa watu wote. Kula basi, unapoa."

Solvej aliuweka mkate chini. Mfupa haunenepi upande mmoja bure. Alirudi kwenye kompyuta yake, akafungua picha za kabla ya kusafishwa. Tundu la nne lilikuwepo, upande wa kushoto, na ndani yake umepita mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Wapo watu wanaozaliwa nalo, na yeye alilijua hilo tangu chuoni. Jana yake programu ilimuuliza, akabonyeza ndiyo bila kutazama, na tundu lililozibwa likaonekana kama mfupa mnene.

Aliona aibu. Angeweza kuisingizia programu, na hakuna ambaye angebisha. Saa ilikuwa tatu na nusu.

"Asger, usiweke skrubu hapo," alisema mbele ya meza nzima. "Pana tundu, na mshipa umepita ndani yake. Mimi ndiye niliyeliziba."

"Wewe?" akauliza Torkil, mpiga ramli mkubwa kuliko wote.

"Mimi, Torkil. Utanicheka kesho."

Asger alimsukumia ile pingili. "Itoboe. Niione."

Aliitoboa kwa keekee, akapitisha waya mwekundu. Asger aliugusa kwa ncha ya kalamu, pale pale alipokuwa ameweka alama ya skrubu, kisha akaifuta alama hiyo.

Wiki iliyofuata Preben, yule fundi bomba, aliletewa pingili yake kitandani aione. Aliigeuza kwa mikono iliyozoea mabomba.

"Hili nani kalitoboa? Kazi safi."

"Umezaliwa nalo," alisema Solvej. "Mimi nililiziba kwa makosa."

"Ukalizibua lini?"

"Nusu saa kabla ya kupasuliwa kwako."

 Preben aliinua mkono taratibu, akaishika shingo yake upande wa kushoto, akauacha hapo.