Sahani ya Jasho

Miaka ishirini na miwili nimepaka rangi maghorofa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kamba, na hakuna siku kamba ililalamika. Waliolalamika ni wakubwa. Alikuja msimamizi mpya, kifua mbele, filimbi shingoni, akasoma kibati kilichopigiliwa chini ya kiti: mwisho kilo mia. Tukapangwa stoo, tukapimwa kwenye mizani ya magunia. Mimi mia na tano.

"Mzee, umezidi. Nakupa miezi mitatu. Ukishindwa utabaki chini, upige msasa mageti."

Msasa! Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki, kule juu ndiko ninakopumua. Chini kila mtu ananiuliza naendeleaje, na hakuna anayesubiri jibu. Meneja mwenyewe kitambi chake kinafika mlangoni kabla yake, lakini hakupimwa. Kiti chake kina magurudumu.

Basi kila asubuhi mazoezi. Zunguka uwanja mara kumi, ruka, chuchumaa, magoti yanalia kama bawaba kavu. Tukimaliza, msimamizi anagawa nusu mkate na soda kwa kila mtu.

"Kuleni mrudishe nguvu. Gari haliendi bila mafuta."

Mkubwa amesema, nani abishe? Nikala. Jioni nyumbani nikala sahani yangu, nikamaliza na ya pili, maana nimekimbia, ni haki yangu. Nikaiita sahani ya jasho.

Baada ya wiki mbili mizani ikasema mia na sita.

"Mizani mbovu hii," nikasema.

Mwenzangu mmoja mwembamba, tunayemwita Sindano, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wa kazi, kumbe mbio zako ni za kwenda jikoni!"

"Nyamaza. Wewe hata ule ng'ombe na kwato zake utabaki uzi." Nikamgeukia msimamizi. "Si wewe uliyesema tule?"

"Nilisema mle. Sikusema mshibe."

Ndio wakubwa hao. Wakikulisha ni wao, ukinenepa ni wewe.

Jumapili akaja binti yangu, muuguzi wa zahanati. Hata hajakaa, akafunua sufuria.

"Baba, unatarajia wageni?"

"Wageni gani?"

"Wali vikombe viwili huu. Na mezani sahani mbili."

"Ya pili ni ya jasho, mwanangu. Nimekimbia wiki nzima, na msimamizi mwenyewe anatupa nusu mkate na soda turudishe nguvu."

"Mbio zako za asubuhi hata hiyo nusu mkate haziimalizi, sembuse soda. Halafu unapandisha juu yake sahani nzima! Ukiwa na kiu, kunywa maji. Njaa ikikuuma kweli, kula yai, kula tunda. Jasho halidai wali, baba."

"Kamwambie msimamizi."

"Kwani msimamizi ndiye anayepika hapa?"

Nikafunika sufuria. Akaishika ile sahani ya pili, ya maua ya buluu, iliyomeguka ukingoni. Aliijua.

"Mazoezi umeanza lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Na vikombe viwili?"

Nikamwambia maharage yanapoa. Miaka thelathini nimeona vikombe viwili vikiingia kwenye sufuria ile, mkono wangu haukujua hesabu nyingine. Na mama yake alikuwa hataki hata kusikia habari ya kutupa chakula. Basi nikawa namalizia chake. Mazoezi yalipokuja, nikapata tu jina la kukiita.

Aliosha ile sahani, akaiweka juu kabatini, akanipimia kikombe kimoja nione.

Kuanzia hapo mkate na soda nikawa nampa Sindano, mimi nakunywa maji. Tumbo lilinguruma kama pikipiki mbovu, na hasira nilikuwa nazo mpaka kwa kuta. Lakini mwezi wa tatu ulipoisha, mshale wa mizani ukasimama kwenye tisini na nane.

Msimamizi akainama, akapima kwa macho, akainuka. "Bado mkanda na brashi, kilo mbili. Na ndoo ya rangi, sita. Waraka mpya unasema vyote vihesabiwe."

"Waraka wa lini?"

"Umeingia jana."

Damu ikanipanda. Nikachukua nusu mkate na soda alivyokuwa navyo mkononi, nikavitua juu ya mizani. "Basi hesabu na hivi! Miezi mitatu mnanikimbiza huku mnanijaza!"

"Mzee, punguza jazba," Sindano akaingilia, mdomo umejaa mkate wangu wa asubuhi ile. "Mkanda na brashi vinafika mia kamili. Ndoo nitapanda nayo mimi."

Akaruka juu ya mizani. Sitini na nne. Alikuwa ameongezeka kilo tano, zote zangu.

Msimamizi alifungua waraka, akasoma mbele, akasoma nyuma. Hapakuwa na mstari unaokataza watu wawili kuchovya brashi kwenye ndoo moja. Akapuliza filimbi, sijui ya nini.

Tukapandishwa viti viwili sambamba. Ghorofa ya sita Sindano akatoa kipande cha mkate mfukoni.

"Chukua, mzee wangu. Jasho linakutoka."

"Sogeza ndoo," nikamwambia.

Akasogeza.