Saa Kumi na Mbili ya Gerishon

Siku Gerishon alipozikwa, samaki walikuwa wanne. Kufikia mwezi wa tano alibaki mmoja.

Waithera, mjane wake, aliwakuta wale watatu asubuhi tofauti alipofungua duka, sakafuni, wamekauka kama maganda. Lilikuwa duka la fotokopi na vifaa vya shule mjini Isiolo. Tangi la kioo lilikaa kona ya ndani, isiyo na dirisha, ili wateja wawe na kitu cha kutazama wakati mashine inatoa nakala. Juu yake kulikuwa na taa ya LED ya bei nafuu yenye swichi moja: iwake au izime. Ikizimwa ghafla, samaki walishtuka wakaruka nje.

Gerishon alikuwa akiizima kwa shuka. Kuanzia saa kumi na mbili jioni aliitandaza juu ya taa kidogo kidogo huku akihudumia watu, na saa moja ya kufunga ilipofika, tangi lilikuwa giza na samaki wametulia chini. Waithera aliuona kama mchezo wa mwanamume anayekwepa kufagia. Baada ya mazishi alikuwa akibonyeza swichi tu na kwenda zake nyumbani, Chechelesi. Alipoelewa, wawili walishakufa. Alijaribu shuka, lakini jioni ndiyo wateja walikuwa wengi, naye alikuwa peke yake. Alisahau, kisha akaivuta yote kwa mara moja. Akaweka wavu. Wa tatu alijigonga kwenye wavu mpaka akapenya pembeni.

Aliyebaki alikuwa mkubwa, wa rangi ya machungwa. Gerishon alimwita Chifu kwa ajili ya tumbo lake. Waithera hakuwahi kumpenda samaki huyo, lakini hakutaka kumwokota sakafuni.

Mwezi huo alipigiwa simu kutoka ofisi ya mizigo ya basi. Kulikuwa na kifurushi cha Gerishon kilichokuwa kimekaa pale wiki nyingi. Ndani alikuta kisanduku chenye kioo kidogo cha tarakimu, na mahali pa kufungia waya kwa skrubu. Akaenda nacho kwa Wario, fundi wa redio na simu aliyekuwa mlango wa pili.

"Hii ni kontrola, Mama Kui," Wario alisema akiigeuzageuza. "Ya taa. Unaipa masaa, inapandisha mwanga polepole, inashusha polepole. Mzee aliniambia anaitaka, nikamwambia anaota."

"Utaifunga?"

"Alikuwa na kitabu. Kama kitabu kipo, nitaifunga leo."

Kitabu kilikuwepo, daftari la mraba la hesabu, kwenye droo ya kalamu. Waithera alikuwa hajalifungua. Alimpa Wario likiwa limefungwa.

Saa tisa Wario alizima stima, akakata waya wa taa katikati, akaumenya. Ndani mlikuwa na waya tatu: mweusi, mweupe na wa buluu. Batula, aliyeuza maziwa ya ngamia nje ya duka, aliingia na chupa zake akasimama kutazama.

"Salaam aleikum. Sasa mnampasua nani?"

"Aleikum salaam. Tunampa samaki machweo," Wario alijibu.

"Wallahi, huyu samaki! Kwetu Sericho mtu anatembea siku nzima kutafuta maji ya kunywa. Huyu ana maji ya kuoga, ana stima, na sasa anataka na machweo."

"Nenda umwambie. Ni Chifu, ana ofisi wazi."

Batula aliinama kwenye kioo. "Chifu, mimi nina malalamiko," alisema, na Waithera akacheka kidogo, jambo ambalo hakulitegemea.

Wario alikuwa karibu kuufunga waya mweusi upande wa hasi, maana mweusi huwa hasi, alipoangalia daftari. Gerishon alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MWEUSI NI CHANYA. WAMEGEUZA. NIMEPIMA. Wario alipima tena kwa mita yake. Ilikuwa kweli. Mweusi ndio uliobeba moto wa taa yote, na zile mbili nyingine zilikuwa njia za kurudi, mmoja wa balbu nyeupe na mmoja wa balbu za buluu.

"Ningechoma kila kitu," alisema. "Huyu mzee alikuwa makini kuliko mimi ninayekula kwa kazi hii."

Alifunga mweusi kwenye chanya ya adapta, mweupe na wa buluu kwenye kontrola, akabana skrubu, akavuta kila waya kuona kama unashika. Batula aliuliza mwanga utapunguaje. Wario alimweleza kwamba kontrola haipunguzi nguvu. Inawasha na kuzima taa mbio kuliko jicho linavyoweza kuona, na kadiri inavyozidi kukaa imezima, ndivyo tunavyoona giza.

"Kumbe inapepesa macho tu," Batula alisema. "Hata mimi naweza hiyo." Akaenda na chupa zake.

Yakabaki masaa. Gerishon alikuwa ameandika mistari minne, kwa wino wa buluu:

12, ianze kupanda.
1, iwe imejaa.
12, ianze kushuka.
1, iwe imezima.

"Kitabu hiki hakikosei," Wario alisema, akaingiza tarakimu. Kontrola ilihesabu kutoka sifuri hadi ishirini na tatu, kama simu. Waithera hakuangalia. Jioni hiyo ilikuwa zamu yake kupokea ushirika wa kanisa nyumbani, kwa hiyo alifunga duka saa kumi na moja, taa ikiwa inawaka, swichi bila kuguswa. Usiku alilala vizuri.

Asubuhi alifika saa moja na nusu. Kwanza alitazama sakafu. Ilikuwa kavu, haina kitu. Kisha akatazama tangi, nalo lilikuwa giza. Taa iliyopaswa kuwa imejaa ilikuwa imezimika kabisa, na Chifu amelala chini karibu na jiwe, mapezi yake yakicheza kidogo.

Wario alikuja na mita. Adapta ilikuwa na volti zake kumi na mbili. Baada ya kontrola, taa haikuwa inapata chochote. Alibana skrubu upya, akazima na kuwasha stima mara mbili.

"Imekufa," alisema hatimaye. "Hizi za bei rahisi ni bahati. Nikuunganishie taa moja kwa moja kama zamani?"

"Na jioni?"

"Jioni utabonyeza swichi."

Waithera alijua maana yake. Labda si jioni ya leo, labda ya kesho kutwa. "Iache kwanza," alisema. "Kunywa chai."

"Chai haitafufua kontrola, Mama Kui."

"Iache."

Wateja walikuja, hasa walimu, na karatasi za mitihani. Wario alirudi kwenye simu zake. Saa sita mchana alikuja na bisibisi mkononi kumaliza kazi kabla ya kwenda kuswali, akakuta Waithera amesimama mbele ya tangi.

"Angalia," Waithera alisema.

Kulikuwa na mwanga wa buluu, hafifu kama wa simu ndani ya mfuko. Walisimama. Ukawa mweupe kidogo. Chifu aliacha jiwe lake akapanda. Adhana ya adhuhuri ilipoanza msikitini, taa ilikuwa imefika nusu.

"Kwake kumekucha saa hii," Wario alisema. "Mbona? Mzee ameandika kumi na mbili, nimeweka kumi na mbili."

Waithera alichukua daftari, akalifungua kwa mara ya kwanza. Alitazama ile mistari muda mrefu.

"Gerishon aliandika saa kama anavyoitamka," alisema. "Kumi na mbili yake ni ya alfajiri na ya jioni, wewe umeweka ya adhuhuri na ya usiku wa manane. Hajawahi kuandika vile saa ya mkononi inavyosema."

"Ai! Mimi mwenyewe nasema hivyohivyo kila siku. Lakini mbele ya mashine nikageuka mashine."

"Hata mimi aliwahi kunipata." Aliweka daftari juu ya meza. "Nilikuwa mgeni hapa, napiga chapa kwenye ofisi ya serikali. Akanipa karatasi: kesho, 2 kamili, mbele ya posta. Mimi nikaja saa nane mchana."

Wario alihesabu kwa vidole. "Naye alifika saa mbili asubuhi."

"Saa mbili."

"Akasimama masaa sita?"

"Alikaa kwenye ngazi. Alikuwa na gazeti."

"Alisema nini?"

"Alisema, umefika."

Wario alikohoa, akasema anachelewa msikitini, akamwonyesha vitufe vya kubonyeza. Waithera aliingiza mwenyewe: sita na saba kwa asubuhi, kumi na nane na kumi na tisa kwa jioni. Kwenye daftari hakufuta wala kuongeza chochote.

Jioni ile alivuta kiti karibu na tangi. Saa kumi na mbili kamili mwanga ulianza kupungua, polepole mno, akashindwa kusema ni dakika gani hasa umeshuka. Mwanafunzi mmoja alitaka karatasi za grafu. Akamhudumia, akarudi kukaa. Nyeupe ikaisha, ikabaki buluu, kisha buluu nayo ikaisha. Chifu alishuka hatua kwa hatua mpaka akalala karibu na jiwe. Maji hayakutikisika.

Ilikuwa saa moja. Waithera alikuwa amekaa hapo saa nzima akingoja, na mgongo ulimuuma. Alijaribu kufikiria nyingine tano kama hiyo, kwenye ngazi za posta, jua likipanda, gazeti likiwa limekwisha kusomwa. Kisha akachukua kufuli, akafunga duka.