Mtu wa Kumwambia Kunigunda

Kikundi chetu cha akina mama hapa Mapera hakina upungufu wa midomo, na wangu ukiwemo, lakini wa kumwambia Kunigunda ukweli usoni alikuwa mmoja tu: Rosina. Walibatizwa siku moja, wakaolewa kitongoji kimoja. Kila tulipomaliza kulima ngoro, yale matuta yetu ya mteremkoni, kwenye shamba la mwenzetu, wawili hao walishuka mtoni kunawa miguu, na huko Rosina alimpasha. "Kunigunda, leo umemfokea Kalista bure." Au, "Umeongea mno, jembe hukulishika." Kunigunda alinuna, halafu akacheka, na kesho yake akajirekebisha. Ndiyo maana tulimchagua awe mwenyekiti.

Uenyekiti ukamkolea. Mwaka jana alisikia wageni wanakuja kutazama ngoro zetu, akataka shamba la Kalista liwe tayari kabla hawajafika. Wanaume walikuwa wamefyeka jana yake tu. Nyasi huachwa kwanza zinyauke, ndipo zipangwe miraba na kufukiwa udongo, kila mraba ukibaki na shimo katikati. Hilo hata mtoto wa hapa analijua.

"Nyasi bado mbichi, Kunigunda," Rosina akasema mbele yetu sote. "Tukizifukia hivi zitachipua. Tena shamba lenyewe la mjane."

"Hapa mwenyekiti ni nani?" Kunigunda akamjibu. "Kama unautaka uenyekiti, sema. Kama huutaki, funga mdomo ulime."

Rosina akafunga mdomo, akalima. Jioni alikwenda zake nyumbani na matope miguuni.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Nyasi zikachipua juu ya matuta, zikayameza maharage ya Kalista. Mama wa watu hakupata hata ya mbegu.

Nisimsingizie Kunigunda, aliumia kweli. Alimpelekea Kalista maharage ya kwake, akatuomba radhi kikundi kizima, akampigia Rosina magoti. Akaacha kufoka. Akawa anatuuliza kila baada ya kazi, "Jamani, leo nimekosea wapi?" Sisi tunaangaliana. "Hujakosea, mwenyekiti." Nani ajitafutie makubwa?

Machi hii tulilima kwa Benadetha. Kunigunda akawapanga bibi zetu kwenye mteremko mkali, wasichana akawaweka chini kwenye tambarare. Bibi wa watu walihema mpaka huruma, na hakuna aliyesema neno. Tulipomaliza, akamfuata Rosina mtoni. Nilikuwa pembeni yao naosha jembe langu.

"Rosina, leo kuna mahali nimekosea. Nimeona nyuso zenu. Niambie."

Rosina akatabasamu, tabasamu lile tunalompa padri mgeni. "Umefanya vizuri, mwenyekiti."

"Usiniite hivyo! Niite Kunigunda. Nitukane, basi."

"Nikutukane kwa lipi? Asante kwa kazi." Akampa mkono kwa heshima zote, akachukua jembe lake, akapanda kwenda kwake.

Kunigunda akabaki na miguu majini, akilia kwa sauti kama mfiwa. Roho iliniuma sana. Habari ya bibi zetu na ule mteremko ilikuwa hapa hapa mdomoni mwangu. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Twende, mwenyekiti. Mvua inakuja."